Gunia la Pili

Gunia la pili la mchele lilikuwa limeshaketi kwenye kiti cha dereva, juu ya la kwanza, askari alipouliza, "Hii ya pili ni ya nini?"

Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa kwa mnyororo tangu juzi, na ufunguo alikuwa nao yeye. Ndani tulikuwa watatu: yeye na bunduki yake, mimi, na Yaya Onema, fundi aliyenifundisha kazi; "yaya" kwetu ni kaka mkubwa. Peugeot ile ilikuwa ya Sitwayeni Komisere, mkuu wa serikali pale kwetu. Sikukuu ya Chama alitaka kuiendesha mwenyewe kwenye mashindano, mizunguko kumi kwenye njia ya vumbi iliyochongwa nje ya Kindu. Tusingefunguliwa mpaka gari liwe tayari.

Yaya Onema alikuwa na utaratibu usio na mjadala: gari la mashindano hupimwa likiwa na mtu wake ndani. Anaingia chini yake kwa tumbo, anasimamisha kijiti cha mwanzi kati ya ardhi na chuma cha mbele, anakata alama. Pua ikiwa juu mno, gari halishiki kona. Ikiwa chini mno, injini inapigwa na mawe. Pete za chuma juu ya springi ndizo humaliza ubishi: ukiongeza, pua inapanda; ukitoa, inashuka. Lakini nani angemwita Komisere gereji aje akae apimwe kama mbuzi? Ndiyo maana tuliketisha mchele wa Kibombo, kilo sitini kila gunia.

"Hii njo uzito wa chef," Yaya Onema alijibu kutoka chini ya gari.

"Unasema chef iko munene sawa magunia mbili?"

Kindu nzima ilijua kwamba kiti cha Komisere cha jukwaani kiliongezwa miguu kisivunjike. Kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Mwaka ule jirani yangu alichukuliwa kwa kucheka tu, picha ya Rais ilipoanguka ukutani.

Askari akanigeukia. "Wewe, sema. Chef iko gunia ngapi?"

Niliitazama miguu ya Yaya Onema iliyochomoza chini ya gari. Niliutazama mnyororo. Nyumbani Sharifa, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Moja," nikasema. "Moja njo ya kutosha."

Aibu ilinishika kabla sijafunga mdomo. Ile miguu haikutikisika. Kisha sauti ikatoka, ya upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Basi ondoa, mudogo yangu."

Nikaliondoa. Pua ikapanda. Yaya Onema akapima tena, akakata alama ya pili juu ya ile ya kwanza, ya magunia mawili. Kati ya alama hizo palikuwa na upana wa kidole gumba. Halafu, askari akiwa amemsimamia, akatoa pete mpaka pua ikashuka kwenye alama ya kwanza.

Siku ya sikukuu Komisere alijipakia, na gari likainama kama mtu aliyebebeshwa asichokiweza. Mzunguko wa tatu injini iligonga jiwe, mafuta yote yakamwagika, gari likafa mbele ya jukwaa lililojaa watu. Hakuna aliyecheka.

Jioni watu wa usalama walikuja gereji. Waliiita hujuma.

"Nani alipima?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua.

"Mimi njo nilipima," alisema Yaya Onema.

Yule askari alikuwepo, akiangalia viatu vyake. Yaya Onema aliokota kijiti mezani, akanitia mkononi. "Chunga hii," akasema. Wakampakia kwenye treni ya kusini, na hakurudi.

Mtoto wetu alipozaliwa nilimpa jina la Onema. Sharifa aliona nimefanya kwa heshima, nami nikaacha aone hivyo.

Sasa mvi zimenijaa. Gereji ni ya mwanangu, mnyororo ni ule ule, na kila jioni akiukokota mimi hutafuta pa kutokea. Juzi alikuta kijiti kwenye sanduku la zana, akakigeuza kwenye mwanga.

"Baba, hii alama ya pili ni ya nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na bunduki.

"Fundi alikosea kupima," nikasema.