Sanduku la Wifi

Tangu kaka aoe, mikate yangu iliacha kusifiwa. Haikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ile, mizito kidogo katikati wakati wa baridi, ila zamani mama alikuwa akiikata anasema, "Binti yangu ana mikono." Siku hizi mwenye mikono ni wifi.

Wifi aliingia kwetu na majaribio. Kwanza alifukiza kuku ndani ya pipa bovu, majirani wakawa wanapita taratibu mlangoni kwetu kama waliodondosha kitu. Kisha akahamia kwenye nyama kavu. Kaka, ambaye ni seremala, alimtengenezea sanduku refu lenye matundu ubavuni. Chini wifi alifunga balbu, juu akatundika vipande vyembamba vya nyama iliyolala kwenye siki, chumvi na pilipili manga. Joto la balbu liliikausha polepole. Kaka akionja alifumba macho. Mkate wangu aliula macho wazi, tena akiangalia simu.

Ndipo mwenye mkahawa wa pale kona akasema anatafuta kitu kipya cha kuuza, Jumamosi atapita kuonja. Nilitaka achague mkate.

Wiki hiyo baridi ilikaza na unga wangu ukagoma kuumuka. Wifi alinikuta nauzunguka kama mgonjwa.

"Wifi, lete bakuli. Chini ya sanduku langu kuna joto."

"Na nyama zako?"

"Nyama ziko juu, unga utakaa chini. Wataka wasalimiane?"

Afadhali angeninyima, ningepata sababu ya kumchukia. Nikaweka bakuli. Mkate ukatoka mwepesi kama sifongo. Kesho yake nikaweka tena, na keshokutwa, wiki nzima nikifanya mazoezi.

Jumamosi mwenye mkahawa alikaa sebuleni, mama mnene asiyependa kupoteza muda. Alikula kipande cha mkate, akajikatia kingine mwenyewe. Wifi naye akafungua sanduku lake mbele ya wote.

Nyama ilikuwa na ukungu mweupe kila kipande.

"Hii mbona imeota ndevu?" mgeni akauliza.

"Samahani, mama. Nadhani chumvi ilipungua," wifi akajibu.

Lakini nilimwona akigusa kifuniko kwa ndani. Kilikuwa kimejaa matone. Akajifuta kidole kwenye aproni.

Nilikuwa nimeshinda. Kilichobaki ni kukaa kimya, na kwa kimya sina mpinzani. Kaka huniita Bubu. Sasa mama yangu akamgeukia wifi, "Maskini mwanangu, ona alivyotulia. Mwingine angenuna."

Yaani hata nyama ikiharibika anasifiwa!

"Si chumvi," nikasema. "Ni bakuli langu. Unga ulikuwa unatoa unyevu humo wiki nzima, nyama ingekaukaje?"

Wote wakanigeukia.

"Kumbe Bubu anaongea!" kaka akasema.

Mgeni alicheka mpaka makombo yakamtoka. "Mkate nauchukua, kuanzia Jumatatu. Hiyo nyama niitieni ikishanyoa."

Wifi akanikumbatia. "Nilijua, wifi yangu. Sikutaka tu kukuharibia mbele ya mgeni."

Bila shaka alijua. Na alinukia pilipili manga, na mama alikuwa akimtazama kwa macho ambayo mimi sikuyapata hata baada ya mkate wangu kuchaguliwa.

Kaka alishatoa futi yake na kuanza kupima ukuta wa jikoni. "Nitawatengenezea sanduku moja kubwa, lenye vyumba viwili. Mtatumia pamoja."

"Vizuri sana," mama akasema.

"Wazo zuri," wifi akasema.

"Mawili," nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Na langu liwe refu kuliko lake."