Uji wa Mgonjwa

"Aiskrimu ni aiskrimu, dada, hata ukiivalisha koti na..."

"Koti gani? Soma kifuniko! Au macho umeyasahau nyumbani?"

"Nimesoma! Umeandika 'Uji wa Mgonjwa'! Uji gani una..."

"Una baridi! Mtu ana homa, unataka nimpe wa moto nimchemshe?"

Mwenye duka akajishika kiuno. Dada yake naye akajishika chake, na kwa kuwa chake kilikuwa kipana zaidi, ushindi ukaanza kumwelekea yeye.

Kisa kilikuwa friza. Kampuni kubwa ya aiskrimu ilimpa kaka friza ya bure, yenye kioo juu, ila karatasi aliyotia saini ilisema: humo ndani isiingie aiskrimu yoyote isiyo ya kampuni. Ikikutwa, friza inabebwa siku hiyo hiyo. Maduka yote ya mtaa yalikuwa na friza za namna hiyo. Ndiyo mbinu yenyewe: tengeneza aiskrimu tamu unavyotaka, utaiweka wapi? Mfukoni?

Dada alikuwa anakoroga maziwa na iliki tangu kaka hajaota meno, na friza nyingine hakuwa nayo. Hii ikiondoka, kazi yake inayeyuka nayo. Basi akaisoma ile karatasi mara tatu, akapata tundu.

"Wamekataza aiskrimu," alisema. "Uji hawajautaja."

Wateja walielewa bila kufundishwa. Wakawa wanakuja wanakohoa.

"Na leo ndiyo mkaguzi wa kampuni anakuja!" kaka alilia. "Leo! Utaniua, dada!"

"Ukifa kuna uji."

Dada hajamaliza kucheka, mkaguzi huyo mlangoni, faili kwapani, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akafungua friza, akachokoa chini ya boksi za kampuni, akaibuka na kikopo.

"Hii nini?"

"Uji, baba," dada alijibu, sauti imelowa huruma.

"Mbona umeganda?"

"Mgonjwa kachelewa kuufuata."

Mkaguzi alikuwa bado anaitafuna hiyo, fundi viatu wa jirani akaingia, mwanaume mwenye kifua kama mlango wa benki.

"Koho, koho! Dada, nimezidiwa. Leo naumwa embe. Nipe viwili, mke wangu naye kaamka na chokoleti."

Kaka akafumba macho. Mkono wake ukaenda wenyewe ukutani, ukachomoa waya wa friza iwe tayari kubebwa, kama mtu anayejiaga mwenyewe. Friza ikanyamaza. Dada akavitazama vikopo vyake chini ya kioo.

Mkaguzi akabandua kifuniko. Kijiko hana, akachota kwa kifuniko cha kalamu. Akalamba. Akachota tena. Kalamu ikaona haiwezi, akaingiza kidole. Alipofika chini ya kikopo alichungulia nje, kwenye gari la kampuni, kisha akarudi kuufunga mlango wa duka taratibu.

"Huo waya," alimwambia kaka, "rudisha haraka."

Kaka akaurudisha.

Mkaguzi akasogea karibu na dada, faili limemfunika mdomo.

"Dada yangu," alinong'ona, "na mimi nyumbani napika... uji. Ninazo ndoo mbili kwenye buti la gari, zinakaribia kuyeyuka. Naomba kakona tu humo, pale chini, nyuma ya boksi zetu."