Sharti la Mstari Mmoja

Ofisini walimwita Mama Masharti, na jina lenyewe halikuwa la sifa. Kazi yake ilikuwa tovuti ya kliniki, ile ambayo wagonjwa huingia wakachagua siku ya kumwona daktari. Orodha ya madaktari na saa zao ilivutwa kutoka kwenye kompyuta za kampuni nyingine kila mtu alipofungua ukurasa. Basi yeye, kwenye mstari wa kuivuta, alikuwa ameandika sharti: hii ni data tu, ikija na amri za kutekelezwa, ikataliwe.

"Orodha ya saa nayo inataka ulinzi?" alimcheka mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Chapuchapu. "Dada, utakuja kuwekea masharti hata chai!"

Akaendelea kuandika. Shangazi aliyemlea hakufungua mlango kwa hodi peke yake. "Nani? Umeleta nini?" Ukisema umeleta unga, auone unga kwanza.

Jumatatu asubuhi ukurasa ukafunguka bila saa hata moja. Simu zikalia mpaka bosi akatoka chumbani kwake, mikono kiunoni.

"Sharti lako limeikataa orodha!" akafoka. "Lifute sasa hivi. Huwezi, kusanya vyako, Chapuchapu achukue kazi."

Lo! Miaka minne ya jasho, yote juu ya mstari mmoja. Aliogopa, siwafichi. Lakini kufuta hakufuta. "Nipe dakika tano, bosi. Nione kwanza kilicholetwa."

Mara simu yake ikaita. Shangazi. "Mwanangu, nimeshaandika namba ya siri na maradhi yangu yote humu kwenye tovuti yenu, mbona saa hazitokei?"

"Subiri kidogo, shangazi. Nitakupigia."

Akalifungua faili. Daktari hata mmoja hakuwamo. Mlikuwa na programu ndefu, kazi ya mwizi aliyepenya kwenye kompyuta za ile kampuni: ikishatekelezwa, inanakili kila anachoandika mgonjwa na kukipeleka kusikojulikana. Bosi akasoma kwa nyuma yake, akasoma tena.

"Imetekelezwa mara ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata mara moja."

Kufika adhuhuri, tovuti nyingine tatu zilizovuta orodha zao kwenye kampuni hiyo hiyo zilikuwa zikiwaomba radhi wateja wao. Ya kliniki haikuvuja hata herufi. Chapuchapu, aliyekuwa na mistari kumi na saba ya kuvuta data isiyo na sharti lolote, alisogeza kiti chake. "Dada, nianzie wapi?" Safari hii hakucheka.

Mama Masharti alipompigia shangazi, bosi akaiomba simu mwenyewe.

"Shikamoo mama. Siri zako ziko salama."

"Marahaba. Nani wewe? Na umeleta nini?"

Bosi akababaika. "Bosi wake, mama. Nimeleta shukrani. Na ombi la radhi pia, maana asubuhi nilitaka kumfukuza."



"Shukrani naipokea," shangazi akasema. "Hilo la radhi mpe mwenyewe, na wenzake wasikie."

Bosi akamwomba radhi, amesimama katikati ya ofisi, na ofisi nzima ikapiga makofi.