Doa Katika Mshipa wa Gaston

Gaston Tshilombo alikuwa akiendesha lori la mawe karibu na Musonoi kifua kilipombana. Aliwahi kulisimamisha lori, kisha akaangukia usukani. Mkewe Marlène alipofika kliniki mjini Kolwezi, mumewe alikwisha kulazwa chini ya mashine ya picha, mrija mwembamba umepitishwa mkononi hadi kwenye moyo.

Daktari Florentine alisukuma dawa ya rangi. Kwenye skrini mishipa ya moyo ikatokea, myeusi, imetawanyika kama matawi. Mmoja ulikuwa na doa lililopauka.

"Ni mafuta tu," alisema mwenzake, Daktari Hénock. "Tupanue mushipa na puto, tuweke ressort ya kuushikilia wazi, tumalize."

Florentine aliisogelea skrini. Mafuta hushikamana na ukuta wa mshipa. Doa hili lilikaa katikati, rangi ikilizunguka, kingo zake zina ukungu. Aligeuza mashine, akapiga picha kwa upande mwingine. Rangi ilikwisha kupita kote, ila nyuma ya doa ilibaki imetuama. Na kila moyo ulipopiga, doa lilitikisika.

"Hénock, angalia. Ni damu imeganda. Ukiifinya na puto itakatika, itaenda kuziba kule chini."

"Tata huyu hana muda, Florentine."

"Najua."

Gaston alikuwa macho. "Mama docteur," alinong'ona, "munaona nini?"

"Tulia, tata. Usitikise mukono."

Florentine aliingiza mrija wa kufyonza. Mara ya kwanza haukuleta kitu. Mapigo yakaanza kupotea. Hénock akaivuta karibu mashine ya kushtua moyo. Mara ya pili kikatoka kipande cheusi, laini kama ini, na damu ikashuka hadi ncha ya moyo.

Gaston aliishi. Lakini nyama ya moyo iliyokosa damu haingerudi, na lori hangeliendesha tena.

Florentine alipotoka kumweleza Marlène hayo, mwanamke huyo hakulia. Alimshika mkono.

"Mama docteur, na mudogo yake, Beya? Tangu juzi kifua inamufinya, anatuficha. Asubuhi ameenda kazi vile vile."

"Mumupigie simu sasa hivi!"

Simu iliita mpaka ikakatika. Marlène akapiga tena. Safari hii Beya alipokea, akacheka, akasema yeye ni mzima. Lakini kati ya neno na neno alikuwa akihema. Florentine, aliyekuwa akisikiliza, alimwita Hénock kupitia mlangoni, akamwambia asizime mashine ya picha.