Nyeupe Inataka Giza

"Nyeupe," alisema mkwe wake, na wala hakuwa anauliza. "Mama, tazama mwenyewe nyasi zinavyowaka!"

Mshona mapazia alitazama. Alikuwa amebandika vipande viwili kwenye ukuta wa gereji, cheupe kushoto, cha kijivu kulia, na projekta iliyofungwa darini ilikuwa ikivimwagia vyote viwili uwanja mmoja wa gofu. Kweli, kwenye cheupe nyasi ziliwaka. Kwenye cha kijivu zilikuwa kama nyasi za jioni, zimepoa. Gari lilikuwa limehamishiwa uani kupigwa na jua, ili mkwe apate kupiga mpira wa kweli kwa fimbo ya kweli, mpira ugonge kitambaa, na mashine imwambie ungeangukia wapi kama ukuta usingekuwepo.

"Ila nyeupe inataka giza," alisema fundi wa projekta, akikunja waya. "Inarudisha kila mwanga inaoupata. Ukiacha hata hiyo taa ya mlangoni, picha inapauka. Kijivu kinavumilia. Taa utaiacha inawaka, lakini rangi hutazipata hivi."

"Basi tutazima," alisema mkwe. "Taa kitu gani?"

Hapo ndipo mshona mapazia alipoacha kuitazama picha. Maana mjukuu wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kokoto kwa udogo wake na kwa kuviringika kila mahali, alikuwa amepita katikati ya miguu ya watu wazima bila hata mmoja kumwona, na sasa alikuwa akiuparura ukuta, anataka kukichuma kibendera chekundu cha kwenye picha. Ndio kwanza ameanza kutembea. Na mtoto wa umri ule hatembei, anatoroka.

Giza, fimbo ya chuma inazunguka, mpira mgumu kama jiwe, na Kokoto. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Utamwambiaje mkwe wako, ndani ya nyumba yake, mbele ya fundi, kwamba mchezo wake utamuumiza mwanawe? Si utaonekana unamtabiria mabaya? Akazunguka kwa nyuma, kama mtu anayetafuta mlango wa uani.

"Baba," alisema, macho chini, "nyeupe inashika uchafu. Mpira ukigonga, doa. Ukigonga tena, doa. Mimi nimefua mapazia meupe ya watu, nayajua."

Mkwe alicheka kwa upole. "Mama yangu na kufua! Nitafuta kila mpira kabla sijaupiga. Kitabaki kama maziwa."

"Na macho je? Nyeupe inachosha macho."

"Mama naye!" binti yake aliingilia. "Mwache acheze. Wageni wake wanakuja Jumamosi, anataka waone kitu."

Kila alichosema kilijibiwa, tena vizuri. Kile alichokificha ndicho kilichokosa jibu.

Wiki ile hakutulia. Kitambaa cheupe kilikuwa kinene, kilimwagika kutoka mezani hadi miguuni mwake, na kila alipokisukuma chini ya sindano ya cherehani alikiona kimesimama gizani na kitu kidogo kikikiendea. Sindano ikavunjika. Akabadilisha, akasahau kupitisha uzi, akashona mashimo matupu mpaka mwisho wa pindo. Akaiacha kazi, akampigia binti yake simu.

"Kokoto yuko wapi?"

"Yupo hapa, Mama. Anakula."

"Hapo wapi?"

"Hapa hapa!"

"Unamwona kwa macho au unamsikia tu?"

"Mama jamani! Nimemshika mguu. Umeridhika?"

"Mwambie mumeo..."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie... aifute vizuri hiyo mipira."

Jumamosi alikwenda kukitundika. Kitambaa cha namna ile hakikazwi kama ngoma. Ukikikaza, mpira unarudi na kukupiga usoni. Sharti kilegee, na nyuma yake ibaki nafasi mpaka ukutani, ili kimeze kishindo. Alikifunga kwa kamba za mpira juu na pembeni, chini akaliachia pindo liguse sakafu. Alipomaliza, mkwe aliutoa mpira mfukoni, akausugua kwenye shati lake, akamwonyesha huku akitabasamu.

"Safi, Mama?"

"Safi, Baba."

Akazima taa.

Gereji ilitoweka. Mbele yao ulifunguka uwanja wa kijani, mpana, wenye anga, na hata mshona mapazia, pamoja na hofu yake yote, aliona kwamba amekishona kitu kizuri. Mkwe aliutega mpira kwenye zulia, akatanua miguu, akatikisa kiuno.

"Unacheza gofu au unacheza ngoma?" mkewe alimtania kutoka mlangoni, simu mkononi, anamrekodi. Kisha akageuka kidogo. "Mama, Kokoto si unaye wewe?"

"Mimi? Si ulimbeba wewe?"

Pale chini ya picha, nyasi ziliinuka. Kidogo tu, kama fuko anapochimba. Uvimbe ule ukasogea, ukatulia, ukaanza kukifuata kibendera.

"Hee!" alisema mkwe kwa furaha. "Mpaka upepo wameuweka!"

Akainua fimbo.

Mshona mapazia hakupata sauti. Miguu ndiyo iliyopata akili. Ilimpeleka mbele ya kitambaa, ndani ya ule mwanga, mikono ameitanua. Fimbo ilikuwa imeshaanza kushuka. Mkwe aliipinda pembeni kwa nguvu zake zote, ikachimba zulia, naye akapiga goti.

"Mama! Ningekupiga!"

"Washa taa."

"Mama, kuna nini?"

"Washa taa, wewe!"

Wewe! Tangu amwoze binti yake hakuwahi kumtamkia mkwe neno lile. Mwanamume aliinuka, akapapasa ukuta mpaka akaipata swichi. Uwanja ukapauka. Bibi akainama, akainua pindo, akamvuta Kokoto kwa kwapa, nywele zimejaa utando wa buibui, anacheka, anarusha miguu anataka kurudi.

Binti aliiteremsha simu polepole. Ilikuwa bado inarekodi.

"Mama," alisema mkwe. "Ungeniambia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia madoa."

Alimpangusa Kokoto utando wa buibui kichwani.

Nje, getini, honi ililia. Ikalia tena, ndefu, na mtu akapaza sauti huku anacheka: "Fungua bwana! Leo tunakufundisha kwako!"

Binti alimtazama mumewe. Mumewe alikitazama kitambaa, cheupe pe, hakina hata unyasi mmoja. Mkono wake ulikuwa haujatoka kwenye swichi.

Mshona mapazia alimhamisha mtoto kutoka nyonga hii hadi nyonga ile. Akabaki pale pale, kitambaa mgongoni, kwenye njia ya mpira, akimtazama mkwe wake machoni.

Honi ikalia.