Barafu ya Mbalamo

Jumatatu moja ya Juni 2017, saa nne asubuhi, Masika alikuwa akipinda suruali kwenye cherehani yake, ghorofa ya pili huko Joubert Park, Johannesburg, Parfait alipoingia kupimwa koti. Parfait alikuwa na kampuni ya walinzi. Hakukumbuka, au alijifanya hakumbuki, kwamba fundi huyu ndiye mjane wa Gaston.

Gaston alifundisha jiografia kwao Butembo kabla ya kuja Johannesburg kulinda ghala chini ya kampuni hiyo. Majira ya baridi yaliyopita Parfait aling'oa kibanda cha mlinzi pale getini. Alisema mtu akikaa husinzia. Gaston akasimama nje siku tisa. Ya kumi, mapafu yakamshinda. Aliacha daftari la sayari aliyoibuni kazini ili asilale. Aliiita Mbalamo. Huko barafu ilishuka kutoka ncha zote mbili, bahari zikanywea, mabara yakaanza kutembea.

Masika alipima mabega, kifua, mikono. Kisha akaidarizi Mbalamo nzima kwenye bitana, kila bara mahali pake, na barafu akaitia kwa uzi mweupe, mishono ya kubanana.

Alhamisi Parfait alilitundika koti sebuleni kwake Kensington. Barafu ikatoka kwenye bitana, ikashuka ukutani, ikafunika makochi. Ijumaa bwawa la kuogelea lilikauka. Jumapili sakafu ilipasuka, na chumba cha kulala kikaanza kwenda mashariki, shubiri moja kila siku. Mkewe, Héritière, alibaki upande wa jikoni. Wakawa wanapigiana simu kuulizana kama chumvi ipo.

"Mabara ndivyo yalivyo," alisema fundi ujenzi aliyeitwa, akafunga sanduku lake la vifaa.

Parfait alirudi Joubert Park, nyusi zimeganda.

"Maman, fumua ile bitana."

"Haifumuki, patron. Marehemu bwana yangu aliandika kipindi hiki kitachukua miaka elfu themanini."

"Bwana yako nani?"

"Gaston. Wa ghala."

Parfait alitazama sakafu. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Simama," alisema Masika. "Mtu akikaa husinzia."

Alipoondoka, Masika alichemsha chai. Utamu aliousubiri mwaka mzima ulimjia, mwingi kuliko alivyotarajia, naye hakuona haya.

Kufikia Agosti, wenye spaza, vile viduka vya mitaani, walikuwa wakija na ndoo kumega barafu ya kupozea soda. Parfait akaweka walinzi wanne kuizunguka nyumba. Masika alikwenda kuitazama kazi yake. Barafu ilikuwa imefika paani, nyeupe kama alivyoitaka. Getini alisimama Pacifique, aliyekuwa muuguzi Bukavu, magazeti yamejaa ndani ya shati lake. Kibanda hakikuwepo.

"Baridi, papa?"

"Eish, maman. Tunazoea."

Akageuka pembeni kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akarudi kusimama mahali alipopangiwa.