Mume wa Hiyo Sauti

Kila jioni, kabla mtu hajagusa ugali, Nicodemus Angwenyi aliomba, na maombi yake mkewe Phanice aliyajua kona kwa kona. Yalianza na shukrani. Yakapita kwa Liz, binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Yakaingia dukani, kwenye saruji na mabati, yakawakumbuka hata wateja wakorofi. Halafu yakafika pale yalipokuwa yakielekea tangu mwanzo: "Na sauti ya Mama Liz, Bwana, uirudishe." Hapo sasa ndipo alipokaa. Aliomba kwa Kiswahili, maana yeye ni Mkisii na mke ni Mjaluo, kisha akarudia kwa Kikisii akidhani pengine huko juu hawakumwelewa vizuri, na mpaka aseme amina ugali ulikuwa umeota ngozi. Phanice aliula hivyo hivyo.

Na haikuwa sauti ya mchezo, hiyo iliyokuwa ikiombewa. Enzi za bendi ya Mawe ya Kuja, Kuja ule mto wa kwao, ukisema Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, kuanzia Migori mpaka Homa Bay hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Cliff alicharaza gitaa la umeme, Maroa wa Kegonga akapiga litungu, kile kinubi kikubwa cha Wakuria, mpaka likanguruma ndani ya kifua chako, na juu ya makelele yote hayo Phanice akapandisha sauti bila hata kukunja uso. Kisha Cliff akahamia Nairobi kutafuta makubwa, na bendi ikafa kifo cha kawaida cha bendi, yaani kila mtu akidai ni mwenzake aliyeondoka kwanza. Phanice akaolewa na Msabato mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, mwanamume ambaye hakuwa amekanyaga densi hata moja maishani. Walijuana kwenye kwaya. Phanice akiimba huku anafua nguo, Nicodemus alikuwa akizima redio.

Halafu tezi ikavimba shingoni. Daktari alimwonya mapema kwamba mishipa ya sauti ingekuwa karibu mno na kisu, naye akasema bora uhai. Alipona. Kilichobaki kooni kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Kwa kununulia nyanya sokoni kilitosha. Kwa kuimba, wacha tu.

Sasa mwaka huu Cliff naye akakumbuka watu, akapiga simu.

"Nyar Ndhiwa! Tunarudi. Shoo moja tu, Homa Bay, Jumapili mchana, uwanja wazi. Tunarekodi laivu, inatoka albamu."

"Cliff, sina sauti."

"Acha hizo."

Akaja mwenyewe Migori asikie. Phanice alimwimbia mistari ya mwanzo ya "Nani Yuko Magunga", wimbo uliowajengea jina, na Cliff akabaki anakoroga chai isiyo na sukari. Mtu mwingine angeaga aende zake. Cliff si mtu mwingine. Akaleta habari za Tony, fundi wa kurekodi kutoka Nairobi, ambaye alikuwa amepata sauti ya Phanice ya zamani ikiwa peke yake, kama alivyoiimba studio, bila gitaa wala ngoma. Bendi itapiga laivu. Yeye atafungua mdomo. Kompyuta itaimba.

"Huo ni uongo," Phanice alisema.

"Uongo gani? Si ni wewe unaimba? Nimemwibia nani?"

Hapo ndipo alipomshika. Kwa sababu kweli ilikuwa sauti yake, na aliitamani, jamani, aliitamani mpaka usingizini. Aliona aibu kuitamani hivyo, na akakubali na aibu yake hiyo hiyo.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya soko la Migori, milango imefungwa. Siku moja Nicodemus akaja na pikapu kumchukua kabla hawajamaliza. Alisimama nje kwenye jua, akaisikia ile sauti ikipenya mabati, nzima, changa, kama alivyoisikia mara ya kwanza kanisani. Phanice alipotoka alimkuta amevua kofia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mama Liz. Imerudi."

Sasa wewe niambie, palikuwa na ugumu gani? Aseme tu: si mimi, ni kompyuta. Basi, yameisha. Lakini hakuna aliyewahi kumtazama Phanice kwa furaha ya namna ile, hata siku ya harusi, na mdomo wake ukajisemea wenyewe, kwa mkwaruzo ule ule: "Inakuja na kuondoka, Baba Liz. Wameniambia nisiitumie nyumbani." Mjinga! Alijua ni mjinga kabla hata hajafunga mlango wa gari.

Sabato iliyofuata Nicodemus akasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Mtu wa haya huyo, ambaye hata tangazo la mkutano wa wazee wa kanisa humtuma mwingine akasome. Akaeleza jinsi alivyofunga, jinsi alivyoomba, jinsi alivyosikia kwa masikio yake mwenyewe. Kanisa zima likasema amina. Akina mama wakageuka kumpungia Phanice, naye akatabasamu huku akikunja na kukunjua kitambaa cha mkononi. Aliapa moyoni kwamba atamwambia kabla ya shoo. Siku zikapita, kila siku na kisingizio chake: leo amechoka, leo tuna wageni, leo dukani hakukuwa kuzuri.

Jumapili wakatoka Migori kwa pikapu, wao wawili. Nicodemus alivaa suti ya kanisani. Walipopita Rongo Phanice alikuwa ameshapanga maneno yake yote, kuanzia tezi mpaka Tony, na alichokuwa akitafuta ni pa kuanzia tu.

"Nasikia huko kwenu," Nicodemus akasema, "mtu anaweza kusimamisha muziki ajisifu?"

"Pakruok," alimjibu, akili iko kwingine. "Unainua mkono, bendi inanyamaza, unapewa maiki. Unajisifu weee, halafu wimbo unaendelea."

"Hata mgeni?"

"Hata wewe. Lakini wewe hutaweza, Baba Liz."

Nicodemus akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, huyo mume, na Phanice hakupata moyo wa kumharibia siku. Akayameza maneno yake. Na lile alilotoka kulisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba bendi inanyamaza, wala halikumgonga kichwani.

Halikuwa limemgonga yeyote. Mazoezini hakukuwa na watu wa kujisifu. Cliff alishazoea hoteli za Nairobi, ambako watu hula kuku wao na kupiga makofi mwishoni. Maroa aliwaza nyuzi zake tu. Tony ndiye kabisa, hata neno pakruok hakuwa amewahi kulisikia.

Uwanja wa Homa Bay ulijaa mpaka kule kwa wauza samaki wa kukaanga, na ziwa lilimetameta nyuma ya jukwaa. Gari la Tony lilikuwa limeegeshwa pembeni, nyaya zinaingia dirishani. Onyango, mshereheshaji, aliwaita mmoja mmoja, na jina la Nyar Ndhiwa lilipotajwa vigelegele vilichukua muda kutulia. Cliff aliamua waanze na "Nani Yuko Magunga" moja kwa moja, watu wapate walichokifuata.

Litungu likaingia. Phanice akafungua mdomo, na sauti ikatoka. Loo, ilitoka! Wanawake wazima walishika vichwa. Phanice aliifuata pumzi kwa pumzi, na kwa kitambo akasahau kabisa kwamba si yeye. Shingo ilimuuma kwa wimbo ambao hakuwa akiuimba. Safu ya mbele aliiona suti ya kanisani, kando ya Kezia, mke wa Maroa. Nicodemus peke yake ndiye aliyekuwa amesimama, na watu wa nyuma walikuwa wakimlalamikia akae.

Ubeti wa pili ukaisha. Gitaa la Cliff likachukua ile sehemu ndefu isiyo na maneno, na hapo Nicodemus akainua mkono.

"Simamisheni! Mzee ana pakruok!" Onyango alipiga kelele.

Bendi ikanyamaza. Hakuna aliyefikiri, maana mikono yao ilifundishwa hivyo tangu ujana. Maroa akaweka kiganja juu ya nyuzi. Cliff akaacha gitaa njiani. Phanice akafunga mdomo na kurudi nyuma kidogo, kama alivyofanya maisha yake yote. Kule garini kompyuta iliendelea na safari yake kimya kimya kuelekea ubeti wa tatu, na Tony akadhani kunyamaza huko ndiyo mbwembwe ya wimbo.

"Mimi ni Angwenyi wa saruji," Nicodemus alisema, sauti inamtetemeka, na watu wakamshangilia. "Angwenyi wa mabati yasiyovuja. Mimi sijui kucheza. Sijui kunywa. Mimi ni Mkisii niliyepotea njia nikafika hapa." Uwanja ukacheka kwa upendo, naye akapata nguvu. "Lakini mimi ndiye mume wa hiyo sauti! Niliiombea, ikarudi! Mimi ndiye..."

Sauti ikaanza kuimba.

Iliingia kwenye ubeti wa tatu mahali pake hasa, safi, bila ngoma wala gitaa, ikatanda juu ya watu mpaka ziwani. Phanice alikuwa amesimama na mdomo umefungwa. Akauziba kwa kiganja, sijui alitaka kuzuia nini, na sauti ikaendelea tu. Ilikuwa nzuri ajabu. Nicodemus alitazama spika, akamtazama mkewe, akatazama spika tena, maiki bado iko mdomoni mwake.

Tony akaikata katikati ya neno.

Kisha mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, funga mdomo utuimbie tena!" na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Baba Liz," Phanice alisema. Maiki yake ilikuwa wazi. Mkwaruzo ule ukatoka kwenye spika zote, mkubwa, mbaya, na watu wakazidi kucheka wakidhani mtambo umeharibika. Nicodemus hakucheka. Alimrudishia Onyango maiki kwa mikono miwili, kwa heshima, akapenya katikati ya watu kuelekea kwenye pikapu yao.

Phanice alimfuata na viatu vya jukwaani mkononi. Alimkuta ndani ya pikapu, injini imewashwa, mlango wa upande wake umefunguliwa unamngoja. Kabla hawajaondoka Cliff akaja mbio, jasho linamtoka, akaegemea dirisha.

"Usijali, Nyar Ndhiwa. Tony atakata hapo. Kwenye albamu hakuna atakayejua."

Nicodemus alimsubiri amalize. "Asante, ndugu," akasema, akatia gia.

Walipoipita Rongo Nicodemus akauliza polepole, macho barabarani, "Siku ile niliposimama kanisani. Ulikuwa umekaa pale?"

Alijua alikuwa amekaa pale. Kanisa zima lilijua.

"Nilikuwa," Phanice alisema.

"Haya."

Afadhali angemfokea. Afadhali angemtukana yeye na ukoo wake wote wa Ndhiwa, angejua pa kushika. Alilia mpaka Migori, na Nicodemus akampa kitambaa chake bila kugeuka.

Jioni Phanice alisonga ugali kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Wakaketi. Nicodemus akafumba macho, akaanza. Alishukuru kwa safari. Akamwombea Liz na mitihani yake. Akaingia dukani, saruji, mabati, wateja wakorofi. Phanice aliinamisha kichwa akiyafuata, maana sasa yanakaribia, sasa yamefika, pale pale. Nicodemus akanyamaza. Akavuta pumzi.

"Amina," alisema.

Akanawa, akasogeza sahani yake. Ugali ulikuwa bado unafuka mvuke.